Yule Tunayepakana Naye

Nimefundisha Kiswahili katika sekondari moja mjini Moshi mpaka mvi zikanikuta mbele ya ubao, na kwa miaka yote hiyo kitenzi "kupakana" hakikuwahi kunisumbua. Nilikiandika, nikaeleza kwamba vitu viwili vyenye mpaka mmoja vinapakana, kisha nikawapa wanafunzi mfano wa Tanzania na Kenya, maana ukitoka Moshi ukapita Himo, hujamaliza mfuko wako wa karanga umeshafika mpakani. Wakaandika, nikafuta ubao, tukaendelea na mengine.

Yaliyokuwa yakinipandisha hasira ni yale maneno mengine, kando ya, pembeni ya, jirani na. Madalali wa viwanja wa mji huu wameyaharibu kabisa. Dalali atakuambia kiwanja kiko jirani na lami, na ukienda kukiona unapanda bodaboda, unashuka, unatembea, na lami yenyewe huioni wala huisikii. Nimewahi kumsimamisha mmoja juani nikamfundisha matumizi ya neno hilo mpaka akaniuliza kama nanunua au sinunui. Sikununua. Lakini kupakana niliona ni neno safi, la ramani na vipimo, halina ujanja.

Mama yangu hakusoma ramani. Anaishi Kirua Vunjo, katika kihamba chetu, yaani lile shamba la ukoo la migomba na kahawa ambalo nyumba imo humo humo na makaburi yamo humo humo. Kiswahili chake ni cha kanisani na sokoni. Akikasirika au akifurahi sana anarudi kwenye Kichagga, kwa hiyo mengi nitakayoyaandika hapa aliyasema kwa Kichagga nami nayageuza. Kwake majirani ni kijiji kizima, hata wale wa ng'ambo ya korongo ambao huwaona msibani tu. Lakini mwanamke wa shamba la juu yetu hajawahi kumwita jirani. Humwita "yule ninayepakana naye", na hulisema hilo kama mtu anavyosema ndugu yangu wa tumbo moja.

Niliwahi kumleta mjini akakaa kwangu wiki mbili. Siku ya pili alitoka barazani, akatazama ukuta wangu wenye vipande vya chupa juu yake, akaniuliza, "Hapa unapakana na nani?"

Nikamwambia kuna baba mmoja ana gari jeupe. Akangoja niendelee. Sikuwa na la kuendelea nalo, maana yule baba nilikuwa namjua kwa honi tu.

"Basi hupakani na mtu," akasema. "Mko kando kando tu."

Nilicheka, kisha nikaudhika, kwa sababu mwalimu wa Kiswahili nilikuwa mimi.

Kihamba chetu kina pande nne kama vihamba vingine. Chini kuna barabara ya kijiji, na huko marehemu baba alipanda michongoma. Upande mmoja ni korongo. Upande wa pili unapita mfongo, mfereji wa maji wa zamani unaotoka juu mlimani. Upande wa juu ndiko aliko yeye tunayepakana naye, na huko mpaka ulikuwa masale. Asiyeyajua masale ayafikirie kama vijiti virefu vyembamba vyenye majani marefu ya kijani, vinavyopandwa kwa mstari na kukaa hapo vizazi na vizazi. Masale yale yalipandwa na babu yetu na babu wa mume wake, kila mmoja akiwa amesimama upande wake, na inasemekana walimaliza kwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Katikati ya mstari palikuwa na pengo la upana wa mtu mmoja aliyebeba ndoo. Udongo wa hapo ulikanyagwa hadi ukawa mgumu kama sakafu.

Mwanamke huyo ni mjane kama mama. Yeye Mkatoliki, sisi Walutheri, na kila Jumapili wakitoka ibadani walikutana pale pengoni kulinganisha mahubiri. Mama alilalamika kwamba mchungaji wetu alizidisha. Mwenzake akasema padri wake alimaliza mapema lakini hakueleweka. Nilipokuwa msichana niliamini kwamba pengo lile liliachwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Halafu kuna ng'ombe. Mama anafuga ng'ombe mmoja wa maziwa, wa ndani, anayelishwa majani na migomba iliyokatwakatwa. Vidole vya mama vilikakamaa kwa baridi yabisi na kukamua hawezi tena. Kwa hiyo asubuhi na jioni mwenzake alipita pengoni na ndoo, akakamua, akaacha maziwa ya mama, akaenda na yake. Ndoo yenyewe ilikuwa ya mama, lakini ilikuwa ikilala kwa mwenzake miaka mingi, hata mwenye ndoo akawa hakumbuki aliinunua lini.

Mimi na mdogo wangu, anayefanya biashara ya vipuri Dar es Salaam, tulikuwa na makubaliano juu ya mama. Tumezaliwa wawili tu, kwa hiyo makubaliano hayakuwa magumu. Maadamu kuna mtu anayeingia uani kwake asubuhi na jioni na kumwona kwa macho, mama abaki kwake. Siku mtu huyo akikosekana, ng'ombe atauzwa na mama atashuka mjini kwangu, kwenye ukuta wenye vipande vya chupa. Mama aliyajua makubaliano hayo. Aliyaogopa kuliko ugonjwa wowote, na alikuwa haachi kutukumbusha kwamba ng'ombe anaendelea vizuri.

Mdogo wangu ni mtu mwema. Naliandika hilo mapema kwa sababu yanayofuata hayamsemi vizuri. Mwaka juzi, majira ya migomba kubeba vizuri, mtu aliingia kihambani kwa upande wa juu akakata mikungu kadhaa ya ndizi. Mama alimwambia kwenye simu kama habari ya kawaida, katikati ya habari ya mvua na habari ya kwaya. Mdogo wangu hakulala. Akanipigia kesho yake akisema atajenga ukuta. Nikamwambia amuulize mama kwanza. Akasema mama hukataa kila kitu kipya: jiko la gesi alilikataa, na sasa anachemshia chai humo na kulisifia kwa wageni. Hapo alikuwa na hoja.

Mwanzoni mwa Desemba nilimshusha mama Moshi kutibiwa macho. Alimwachia mwenzake ng'ombe, kuku na ufunguo wa jikoni. Siku mbili baadaye mdogo wangu alifika Kirua kutoka Dar, mapema kuliko alivyokuwa ametuambia, na mafundi wa kutoka Himo na lori la tofali. Alitaka iwe sapraizi. Mama arudi akute ukuta umesimama, alale usingizi, na Krismasi ije.

Alijitahidi kuwa mwadilifu, na hapo ndipo alipojikwaa. Alijua ugomvi wa mipaka unavyochoma watu mlimani. Kwa hiyo alichukua kamba na kuusogeza msingi wa ukuta ndani ya ardhi yetu, hatua nzima, ili asije mtu yeyote akasema ameiba hata shubiri. Lile eneo alilowaachia wa juu aliliona kama zawadi. Halafu, ili mafundi wapate nafasi ya kufanya kazi, akawaambia wang'oe masale. Mpaka si utaonekana kwa ukuta, tena ukuta ni imara zaidi. Mafundi hawakuwa wenyeji wa huku; wakang'oa mstari mzima, wakaurusha kwenye lori lililokuwa linarudi tupu, nalo likaondoka na udongo na masale yote.

Akanipigia simu jioni ile kunipa siri yake. Nilipomuuliza mama wa juu amesemaje, akajibu kwa furaha kwamba hana neno, anakuja kukamua kama kawaida. Ni kweli, alikuwa anakuja. Pengo lilikuwa limechimbwa msingi, kwa hiyo alishuka kwa njia ya shamba lake mpaka barabarani, akazunguka michongoma yetu, akaingia kwa mbele na ndoo. Akakamua, akawaachia mafundi maziwa ya chai, akafunga jikoni, akarudi kwa kuzunguka. Asubuhi na jioni, siku zote hizo, bila kusema lolote. Mdogo wangu alihesabu ukimya huo kuwa ridhaa.

Siku tuliporudi, mama alishuka garini akiwa na dawa zake za macho mkononi, na kitu cha kwanza alichokiona ni ndoo. Ilikuwa imeoshwa ikang'aa na kupinduliwa kwenye ngazi ya mlango wa mbele, na juu yake uliwekwa ufunguo wa jikoni. Mama akajua amerudishiwa vyake. Hakumsalimia hata mdogo wangu aliyekuja mbio kumpokea. Alishika fimbo yake akazunguka nyuma ya nyumba, nasi tukamfuata, na huko tukaukuta ukuta umefika kiunoni, umenyooka kweli kweli, fundi wa Himo akiwa amesimama kando yake anatungoja tumsifu.

"Masale yako wapi?" mama akauliza.

Mdogo wangu akaeleza habari ya kamba, habari ya hatua nzima, na kwamba atapanda maua mazuri. Mama akakaa juu ya mfuko wa saruji. Nikashikwa na hasira mpaka nikasahau kuitikia shikamoo ya fundi mdogo kuliko wote. Nilimwambia mdogo wangu maneno ambayo sitayaandika, maana wanafunzi wangu wanasoma.

Jioni ile hakuja mtu kukamua. Ng'ombe alianza kulia saa ya kawaida na hakunyamaza. Nilijaribu mimi, nikapigwa teke la heshima nikatoka na ndoo tupu. Akajaribu mdogo wangu, ambaye hajashika chuchu ya ng'ombe tangu darasa la saba, akapaka mafuta ya kukamulia mpaka kwenye viwiko, na ng'ombe akazuia maziwa kabisa. Mama alikaa mlangoni mwa zizi akitutazama. Tulichopata kilitosha chai ya mtu mmoja asiyependa maziwa. Asubuhi ikawa vile vile, na kiwele kilikuwa kimeanza kuwa kigumu.

Mdogo wangu akaamua kwenda kuzungumza. Akazunguka kwa barabara, akarudi haraka kuliko tulivyotarajia, uso umemshuka. Alisema alipokelewa vizuri. Alipewa kiti kizuri, akapewa chai. Akaeleza kwamba hakuchukua hata shubiri ya ardhi, tena ameongeza hatua nzima upande wao. Yule mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema ukuta ni mzuri, umejengwa kwako, hongera. Na alipoaga akamwambia, "Karibu tena, mgeni."

Mama huyo alikuwa anamwita "baba" tangu akiwa anatambaa. Ndivyo akina mama wa huku wanavyowaita watoto wa kiume wanaowapenda.

Mama aliuliza jambo moja tu. "Nani alikuuliza kipimo?"

Hakuna aliyemuuliza. Mama akamweleza basi, polepole, kama anavyoelezwa mkwe aliyetoka mkoa wa mbali, jambo ambalo alipaswa kulijua tangu utotoni. Masale ya mpakani yalipandwa na watu wawili. Ukiyang'oa peke yako umesema humjui tena yule wa upande wa pili, hata kama umemwachia shamba zima. Na ukishasema hivyo, maneno peke yake hayatoshi kuyafuta hayo. Unakwenda na sale. Unachukua jani la sale bichi, unalifunga fundo, unalipeleka kwa mikono miwili kwa yule uliyemkosea. Kwetu mtu akiletewa sale hakatai kukusikiliza. Anaweza kukusema mpaka masikio yakuume, lakini kukufukuza hawezi.

"Sawa," mdogo wangu akasema. "Nipe hilo sale nimpelekee."

Ndipo sote watatu tukatazamana. Kihamba kizima hakikuwa na sale hata moja. Barabarani ni michongoma, kwingine korongo, kwingine mfongo, na mstari wenyewe ulikuwa umeondoka na lori.

Mdogo wangu akasema ataomba jani kwa watu wa ng'ambo ya korongo. Mama akakataa, sale la mpaka wa watu wengine linahusu mambo ya watu wengine. Basi akawasha gari akashuka kumtafuta dereva wa lori, akaonyeshwa mahali ule udongo ulikomwagwa, kando ya barabara ya Himo, kule kwenye joto. Alirudi alasiri amejaa vumbi na vijiti vitatu vilivyonyauka, mbuzi wakiwa wamekula kilichokuwa laini. Mama alivishika, akavigeuza, akaviweka chini. Hakuna mtu anayeomba radhi kwa jani lililokufa, akasema.

Masale mabichi ya mpaka ule yalikuwa yamebaki mahali pamoja tu. Pembeni kabisa, mstari ulipofika mfongoni, ulikuwa ukipinda na kupanda kando ya mfereji, ukiingia shambani kwa yule mama. Sehemu hiyo ilikuwa kwake. Mafundi hawakuifikia.

Nilipoelewa maana yake nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na siombi radhi, kwa sababu hasira zangu zote za siku mbili zilipata hapo pa kutokea. Mtu mzima, mwenye duka na wafanyakazi Dar es Salaam, alitakiwa aende kwa mwanamke aliyemkosea, akamwombe jani la kumwombea msamaha yeye mwenyewe. Mama hakucheka. Alinyanyuka, akatafuta viatu vyake vya kanisani, akasema tunakwenda wote, na ndoo ibebwe.

Kwa njia ya pengoni, kutoka mlango wetu wa nyuma hadi jikoni kwa mwenzake, mama alikuwa akienda huku chai yake inachemka na kurudi kabla haijamwagika. Sasa tulishuka barabarani, tukafuata michongoma, tukaupanda mlima kwa njia yao ya mbele yenye mawe. Mama alipumzika kila baada ya muda mfupi akiegemea fimbo, na kila alipopumzika mdogo wangu alisimama nyuma yake ameshika ndoo. Katika kituo kimojawapo mama alitazama chini upande wa kwetu. Paa la nyumba yetu lilionekana hapo hapo. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kama mambo yatabaki hivi, nimtafutie godoro gumu kule mjini, maana lile la mara ya kwanza lilimuumiza mgongo. Niligeuka nikajifanya natazama migomba. Nilikuwa nalia.

Yule mama alikuwa barazani anachambua maharage. Alimwona mama yangu anavyohema akainuka mara moja, akampa kiti chake mwenyewe, akamletea maji. Sisi wawili tulisimama. Nikampa shikamoo, akaitikia. Mdogo wangu akampa shikamoo, akaitikia vile vile, bila baba wala mgeni.

"Nimekuja kuomba sale," mdogo wangu akasema.

"La nini?"

"La kuombea msamaha."

"Umemkosea nani?"

Mdogo wangu alitazama ndoo aliyoishika. "Wewe, mama."

Yule mama akamgeukia mama yangu. "Umemtuma, au amekuja mwenyewe?"

"Nimemwonyesha njia," mama akajibu. "Miguu ni yake."

Yule mama alichukua kisu akaenda zake nyuma ya nyumba kuelekea mfongoni. Alikawia. Nilianza kufikiri amepita huko huko na kwenda kwa wanawe, na tutabaki tumekaa hapo mpaka giza. Aliporudi alikuwa na jani moja, refu, bichi, halina hata doa. Akasema alikuwa anachagua, maana mengi ya upande ule yameguswa na wadudu. Akampa mdogo wangu.

Mdogo wangu alilipokea akalizungusha vidoleni. Hakujua fundo linafungwaje. Alimtazama mama, lakini vidole vya mama havikunji hata kitambaa. Alinitazama mimi, nami, mwalimu mzima, sijui. Kwa hiyo yule mama akamnyang'anya, akalifunga mwenyewe, polepole, akimwonyesha linavyopita chini na linavyorudi juu, akamrudishia. Mdogo wangu akalishika kwa mikono miwili, akapiga goti kwenye maganda ya maharage, akampa. Akalipokea kwa mikono miwili.

Baada ya hapo alimsema. Alikuwa na haki, na aliitumia yote. Alisema siku mdogo wangu alipozaliwa alipita pengo lile mvua inanyesha kumshika mama kiuno. Siku baba yetu alipofariki alipita pale kabla hata sisi watoto wa marehemu hatujaamka. Alisema ukuta haumkeri. Watu wanajenga kuta. Kilichomuumiza ni yale maelezo ya kamba na hatua.

"Ulikuja kunipimia," akasema. "Mimi nimekaa pale miaka yote sijawahi kujiuliza kwako kunaishia wapi. Nimehamishwa nikiwa nyumbani kwangu."

Mdogo wangu alikuwa analia waziwazi. Mama yangu naye alikuwa anafuta macho aliyokatazwa na daktari kuyasugua. Yule mama akamaliza, akalichomeka lile sale juu ya mlango wake kwa ndani, akarudi barazani, akauliza swali ambalo nadhani lilikuwa limemkaa kooni tangu tulipoingia.

"Huyo ng'ombe mmemkamua?"

Tukasema hapana. Akatikisa kichwa kama anayesikia habari za watu wazembe wa kijiji kingine. Akaichukua ndoo mkononi mwa mdogo wangu.

Ukuta haupo tena. Fundi wa Himo alisikitika sana kuibomoa kazi iliyonyooka vile kabla haijakauka vizuri, na mdogo wangu kwanza alijaribu kuuokoa kwa kupendekeza geti la chuma mahali pa pengo. Wale akina mama wawili walimuuliza kwa pamoja ufunguo atakaa nao nani. Geti likaishia hapo. Tofali zikajenga zizi jipya, zuri kuliko nyumba niliyokulia. Vipande vya masale vilikatwa kule mfongoni vikapandwa mstari mzima, mdogo wangu akishindilia udongo upande wetu na yule mama upande wake, wakibishana kama vinanyooka, na sasa vimeshatoa majani. Darasani bado naandika kupakana ubaoni. Tanzania na Kenya nimeiachia jiografia. Wanafunzi nawauliza wanapakana na nani, kisha nangoja, na wengi hunyamaza kama nilivyonyamaza mimi.

Lakini jioni ile ya sale mafundi walikuwa bado hawajaambiwa. Sisi tulimshusha mama kwa njia ndefu, polepole, na tulipoingia uani tukasikia tofali zinaanguka nyuma ya nyumba. Yule mama hakutaka kuzunguka. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kwake, na alipoukuta ukuta alizisukuma tofali za juu ambazo saruji yake ilikuwa haijashika, moja baada ya nyingine, mpaka alipopata mahali pa kupitisha mguu. Fundi alikuwa amesimama pembeni ameshika kichwa. Yule mama akapandisha kanga, akaruka msingi na ndoo yake, akaingia zizini bila kutusalimia.

Ng'ombe alikuwa anarusha miguu kwa maumivu. Mama alimtangulia mwenzake mpaka kichwani mwa ng'ombe, akamwekea mkono wenye vidole vilivyokakamaa kwenye paji la uso.

"Tulia," akamwambia. "Mwenyewe amefika."